Pikapu iliyoinuliwa ipimwe ikiwa na mzigo

Mvua za Machi hadi Mei zinapokaribia, mfanyabiashara anayevuka Mutukula au Mpondwe huwaza njia za udongo zinazomsubiri baada ya lami. Wengine huipeleka pikapu gereji, pale Bukoto au kwingineko Kampala, iinuliwe na kufungwa matairi makubwa. Ikijaribiwa tupu, kwenye sakafu tambarare, kila kitu huonekana sawa. Jaribio hilo halitoshi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Hilux nyingi hutumia tairi la 265/65R17, lenye kipenyo cha milimita 776. La 285/70R17 lina milimita 831. Maana yake tairi limeongezeka milimita 27 kila upande, mbele, nyuma na juu, na limenenepa kwa milimita 20. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi la mbele linaweza kukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi, au chuma cha bodi kilicho nyuma yake.

Wengi hudhani kuinua gari kunamaliza tatizo hilo. Sivyo. Springi ndefu huliinua gari likiwa limesimama. Likipakiwa magunia na kuangukia shimoni, springi hubonyea na tairi hupanda karibu mpaka lilipokuwa likifika zamani, isipokuwa mipira inayozuia springi imerefushwa. Ubavu wa tairi ukichanwa na chuma usiku, mbali na mji, nyanya hazisubiri fundi.

Kwa hiyo mfanyabiashara asimalize kulipa kabla pikapu haijapakiwa mzigo wake wa kawaida, ikakatwa kona kali kulia na kushoto, na kupandishwa polepole kwenye tuta, gurudumu moja baada ya jingine. Penye alama ya mkwaruzo ndipo pa kurekebishwa. Plastiki inaweza kukatwa kidogo. Rimu inayotokeza nje kupita kiasi ibadilishwe. Mipira ya breki ikaguliwe isije ikavutika. Fundi atalalamika kwamba anapotezewa muda. Saa moja gereji ni nafuu kuliko siku moja barabarani.

Tena, si kila mtu anahitaji tairi kubwa hivyo. La 265/70R17 huongeza milimita 13 tu kila upande, na kwa njia nyingi za mazao hilo linatosha. Lile la 285 huidanganya spidomita kwa takriban asilimia 7: ikisoma 80, gari linakwenda karibu 86. Kampuni ya bima nayo ijulishwe mabadiliko hayo kabla ya safari, maana kadi ya njano ya COMESA hutegemea bima ya nyumbani.

Jambo la mwisho lisisahauliwe: kuinua pikapu hakuiongezei uwezo wa kubeba. Aliyekuwa akipakia tani moja, aendelee na tani moja.