Usilipe Arabuni Kabla ya Kuhesabu Miezi Mitupu

Kama ajenti anakuharakisha ulipe arabuni ya fleti ambayo bado iko kwenye ramani, ngoja kwanza. Matangazo yanayowafuata Wakenya wa Doha, Riyadh na Boston hadi kwenye simu zao huahidi faida ya asilimia 9 kwa mwaka, tena ya uhakika. Asilimia hiyo ni kodi ya miezi 12 ikigawanywa kwa bei ya nyumba, basi. Humo hamna mpangaji aliyehama usiku, hamna lifti iliyokufa, wala hamna mamlaka ya ushuru, KRA.

Chukua fleti ya vyumba viwili Nairobi kwa shilingi milioni 8. Unaambiwa itapata 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Sasa tembea Kilimani au Kileleshwa uone maghorofa yalivyobanana. Mpangaji anayekuja kwako ameshaona nyumba nyingine kadhaa barabara hiyohiyo. Atakushusha hadi 50,000, na kabla hajaja nyumba itakuwa imekaa tupu miezi miwili. Umepokea 500,000. Toa ada ya huduma za jengo, 6,000 kila mwezi awepo mtu asiwepo: 72,000. Wakala wa kukusanya kodi, kwa asilimia 8, anachukua 40,000. Serikali nayo, tangu Januari 2024, inamtoza mkazi wa Kenya asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea, bila kujali gharama zake: 37,500. Rangi, mabomba na kufuli, 30,000. Umebaki na 320,500, asilimia 4 tu. Na ushuru wa stempu mjini, ambao aghalabu matangazo huusahau, ni asilimia 4 ya thamani: 320,000. Mwaka mzima umepangisha ili urudishe ushuru.

Ukiona nimekaza mno, badilisha tarakimu, ila ziulize kwa wapangaji wa jengo la jirani, si kwa muuzaji.

Hiyo ni hesabu ya mwenye pesa taslimu. Aliyekopa milioni 6 kwa riba ya asilimia 14 anadaiwa takriban 840,000 za riba mwaka wa kwanza, na hata ile kodi ya kwenye tangazo haimfikishi. Huyu ndiye atakayeuziwa nyumba kwa mnada.

Utajibiwa kwamba bei itapanda tu. Jiwe la msingi la jiji la Konza liliwekwa Januari 2013, ploti za kandokando zikauzwa kwa ahadi ya jiji jipya, na zaidi ya miaka kumi baadaye jiji hilo halijakamilika. Anayelipa mkopo hana subira ya namna hiyo.

Basi Jumamosi hii nenda mtaani jioni, uhesabu madirisha yasiyo na taa, umuulize bawabu nyumba hukaa tupu muda gani. Ukiwa ng'ambo, mtume wakili akague hati na madeni ya mjenzi. Usimtume binamu anayelipwa kamisheni. Kabla ya majibu hayo, usitoe hata senti.