Si Kila Tumbo Lisilotulia Lina Mdudu

Panda basi la kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kisha mwambie utakayekaa naye kwamba tumbo linakusumbua mwaka wa tatu sasa. Hutamaliza kueleza kabla hajakupa jibu: hiyo ni taifodi sugu. Mzee wa kiti cha nyuma atasema amiba. Kijana atasema vidonda vya tumbo, na atakutajia majani ya kuchemsha. Majina yanatofautiana lakini imani ni moja, kwamba tumboni mna mdudu aliyejificha na dawa ulizokunywa hazikuwa kali kiasi cha kumfikia.

Kwa wagonjwa walio wengi wa aina hii, imani hiyo ni potofu, tena inawagharimu fedha na afya. Namzungumzia mtu ambaye tumbo lake linauma na kuachia, linajaa gesi na kunguruma, wiki hii anaharisha na wiki ijayo choo ni kigumu kama cha mbuzi. Akienda haja anapata nafuu kidogo. Hali inajirudia kwa miezi, pengine miaka, huku mwili haupungui, damu haionekani wala homa hana. Mtu huyo ana ugonjwa unaojulikana, ambao madaktari huuita IBS, kifupi cha Kiingereza cha irritable bowel syndrome. Utumbo wake ukichunguzwa hauna kidonda wala uvimbe. Tatizo liko kwenye mwendo wa utumbo wenyewe na kwenye neva zake, ambazo zinahisi kupita kiasi. Majaribio ya kujaza hewa kiputo kidogo ndani ya utumbo, yaliyofanywa Uingereza tangu miaka ya 1970, yalionyesha kwamba wenye IBS huumia kwa kiasi cha hewa ambacho mtu mwingine hakimshughulishi. Ugonjwa huu hauui, haugeuki kuwa saratani, na hauponi kwa antibayotiki.

Hata hivyo, hofu ya mdudu haikuzuka hewani. Anayemcheka mama wa Liuli kwa kuhofia wadudu wa tumbo hajawahi kuteka maji Liuli. Ziwa Nyasa hilo hilo ndilo la kuvulia, kuoga, kufulia na kunywa. Kichocho kipo: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikikuta kwa watoto wa vijiji vinavyozunguka Ziwa Nyasa upande wetu. Minyoo ipo, kuhara kwa maji machafu kupo. Kwa hiyo anayeanza kuumwa tumbo mwambaoni apimwe, na kikikutwa kitu atibiwe. Ugomvi wangu unaanzia mara ya tatu na ya nne, pale ambapo dawa zimenywewa zikaisha, dalili zile zile zimerudi, na jibu la kila mtu ni kutafuta dawa kali zaidi.

Taifodi kwanza. Kipimo ambacho kwacho wengi huambiwa wana taifodi ni Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Widal haitafuti bakteria. Inatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, au huzalishwa kwa sababu ya maambukizi mengine kabisa. Hapa hapa Tanzania kilifanyiwa uchunguzi kwa watoto waliolazwa hospitalini Muheza, na matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya watoto wanne ambao Widal ilisema wana taifodi, ni kama mmoja tu ambaye bakteria wenyewe walipatikana damu ilipooteshwa maabara. Hao walikuwa watoto wagonjwa wa kulazwa. Sasa fikiria mtu mzima asiye na homa, aliyetoka shambani kwake Maguu akaja na miguu yake hadi maabara. Kwake, uwezekano wa jibu la taifodi kuwa la kweli ni mdogo zaidi.

Isitoshe, taifodi ni ugonjwa wa homa. Inapanda, inamlaza mtu wiki kadhaa, inatibiwa au inatoboa utumbo na kuua. Haina tabia ya kuja Jumatatu na kuondoka Alhamisi kwa miaka mitatu. Ni kweli wapo wanaobaki na bakteria wake kwenye kifuko cha nyongo kwa muda mrefu, lakini hao kwa kawaida hawaumwi. Wanaoumwa ni wale wanaopikiwa nao. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyekamatwa mwaka 1907 kwa kuambukiza familia alizozipikia, alikuwa mzima na hakuamini hata siku moja kwamba anabeba ugonjwa.

Amiba ina kisa kinachofanana. Kwenye darubini, amiba anayeleta ugonjwa na ndugu yake asiye na madhara hawatofautiki. Wanasayansi waliwatenganisha rasmi mwaka 1993, na mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba yule asiye na madhara asitibiwe. Lakini karatasi ya maabara zetu bado inaandika neno moja tu, na mgonjwa anarudi nyumbani na Flagyl, dawa ya amiba. Vidonda vya tumbo navyo nisivipe nafasi kubwa: bakteria anayehusishwa navyo yumo katika matumbo ya watu wazima wengi Afrika ambao hawana kidonda chochote, na maumivu yake hukaa juu, chini ya chembe ya moyo, wala hayafuati safari za chooni.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba dawa ziliwasaidia? Kwa sababu IBS hupanda na kushuka yenyewe. Mtu haendi dukani siku tumbo limetulia. Anakwenda siku limemshinda, na siku hiyo mara nyingi ndiyo kilele. Hata angekunywa maji matupu, wiki inayofuata huenda angekuwa na nafuu. Nafuu ikija, sifa inapewa Cipro, antibayotiki aliyopewa. Hali ikirudi, inasemwa dozi haikutosha. Kwa hesabu hiyo dawa haiwezi kushindwa kamwe, na hoja isiyoweza kushindwa kwa vyovyote ina kasoro.

Mkoa wa Ruvuma una historia ya pekee katika jambo hili. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao leo umeenea nchi nzima, ulianzia kwetu mwaka 2003 kwa majaribio. Ulikuwa mpango mzuri: uliwapa watu wa vijijini dawa zilizosajiliwa na wauzaji waliofunzwa, badala ya vidonge vya gulioni. Lakini dawa ikiwa karibu hunywewa kwa wepesi. Nimeona madaftari ya matibabu ambayo ukifunua ukurasa baada ya ukurasa ni Cipro, Flagyl, Cipro, Flagyl, na katikati dawa ya minyoo. Flagyl ikinywewa kwa muda mrefu huweza kuharibu neva za miguu na mikono. Cipro huweza kudhuru kano. Zote mbili huvuruga bakteria wema wa utumbo, ambao mgonjwa wa IBS anawahitaji kuliko mtu yeyote, na zinawafunza bakteria wabaya usugu, kiasi kwamba siku taifodi ya kweli ikija dawa huenda isifanye kazi.

Wagonjwa wengine hunijibu kwamba wanakumbuka vizuri: tumbo lao lilikuwa zima mpaka walipoharisha vibaya, na tangu hapo halijarudi sawa. Nawaamini. Mei 2000, maji ya bomba ya mji mdogo wa Walkerton, Kanada, yaliingiwa na kinyesi cha ng'ombe baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, 7 wakafa. Watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka. Kati ya waliougua kuhara, zaidi ya mmoja katika wanne walikuja kuwa na IBS. Kati ya wasiougua ni kama mmoja katika kumi. Mdudu alikuwepo kweli, na aliondoka kweli. Alichoacha ni utumbo wenye neva zilizoshtuka. Kumfukuza tena kwa dawa miaka miwili baadaye ni kumgongea mlango mtu aliyekwisha hama.

Kuna wanaopinga kwa njia nyingine: huu ni ugonjwa wa Wazungu. Fikra hii ina mizizi Kampala, ambako daktari Denis Burkitt alifanya kazi Mulago kwa miaka mingi, kisha mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba wanakijiji wa Uganda walipata choo kikubwa mara kadhaa kuliko cha Waingereza. Wengi wakajifunza kutokana naye kwamba matatizo ya utumbo mpana ni ya wala mkate mweupe. Lakini uchunguzi wa nchi 33 uliochapishwa mwaka 2021, Ghana na Nigeria zikiwamo, umeonyesha kwamba IBS ipo karibu kila mahali palipoulizwa vizuri.

Chakula ndicho kinachoumiza vichwa zaidi, na hapo ushauri wa mitaani unakwenda kinyume kabisa. Mwenye tumbo bovu huambiwa ale vitu laini: maziwa, mkate, chapati. Sasa, watu wazima wengi wa jamii zisizo za wafugaji hawana tena uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na ngano ina sukari zinazochacha katika utumbo mpana na kutoa gesi. Sukari za namna hii ndizo watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walianza kuzifuatilia mapema miaka ya 2000, na kuzipunguza kwa muda kumewasaidia wagonjwa wengi. Orodha zao zimejaa vyakula ambavyo soko la Mbinga halijawahi kuviona, lakini kanuni inatafsirika kwa urahisi. Ugali, wali, samaki, mboga za majani na mafuta kidogo kwa kawaida havina shida. Sahani ya ugali wa muhogo na samaki wadogo wa usipa ya pale Mbamba Bay, ambayo mgonjwa anaionea aibu akifikiri ni chakula cha shida, inamfaa kuliko chai ya maziwa na chapati anazonunuliwa akiwa mgonjwa.

Maharage ni mtihani mgumu zaidi. Huwezi kumwambia Mmatengo wa Mbinga aache maharage. Yanapandwa kwenye mashamba yake ya mashimo, ngoro, kabla ya mahindi, na ndiyo kitoweo cha nyumba. Utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja sukari za maharage, ndiyo maana yanajaza gesi hata kwa mtu mzima wa afya. Lakini sukari hizo huyeyuka majini. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa, punguza kitunguu, na kula upawa mmoja badala ya mitatu. Msimu wa embe mwambaoni nao una hesabu yake: moja baada ya mlo si sawa na tano kwa mkupuo chini ya mti. Na ushauri wa kula dona kwa wingi ili kusafisha tumbo uangaliwe upya. Huko Manchester, mwaka 1994, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa IBS walisema pumba za ngano ziliwazidishia. Nyuzinyuzi laini zinazoteleza huvumiliwa vizuri zaidi. Bamia kidogo zinaweza kujaribiwa. Kama dona inakujaza gesi, sembe si dhambi.

Mgonjwa asijinyime vyote kwa wakati mmoja. Apunguze kinachoshukiwa kwa wiki chache, kisha arudishe kimoja kimoja aone kipi ndicho adui. Anayeacha kila kitu atakonda, na akikonda ataonekana mgonjwa kweli.

Wale wanaosema ni mawazo tu wamegusa ukweli nusu. Ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa neva, na mwezi ambao malipo ya kahawa yamechelewa na ada ya shule inadaiwa tumbo hulipuka. Maumivu yenyewe hata hivyo si ya kubuni. Amitriptyline, dawa ya zamani ya bei nafuu, kwa dozi ndogo kuliko ile ya sonona, ilionyesha kusaidia wagonjwa wa IBS katika jaribio kubwa lililochapishwa Uingereza mwaka 2023. Iandikwe na daktari, isinunuliwe kwa kukisia.

Dalili za hatari zisichanganywe na haya. Damu kwenye choo, kukonda, homa, kuamshwa usiku na kuharisha, upungufu wa damu, au tumbo kuanza kusumbua baada ya umri wa miaka 50: huyo aende Litembo, Peramiho au hospitali nyingine yenye vipimo, naye asikubali kuambiwa ni IBS kabla ya kuchunguzwa. Kipimo cha VVU na cha kichocho vifanywe pia.

Asiye na dalili hizo anaweza kutambuliwa zahanati bila mashine. Vigezo vilivyopitishwa na wataalamu mwaka 2016 vinauliza maswali: je, maumivu yapo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, yanaambatana na angalau mawili kati ya haya: kwenda chooni, kubadilika kwa idadi ya safari za chooni, au kubadilika kwa choo chenyewe, na yalianza miezi 6 au zaidi iliyopita? Tabibu wa Lituhi anaweza kuyauliza kwa dakika kumi. Ombi langu kwake ni kwamba akipata majibu hayo aandike IBS kwenye daftari la mgonjwa, kwa herufi zinazosomeka, ili mwenzake wa zamu ijayo asianze tena na Cipro. Na mgonjwa anayeambiwa kwa mara ya tatu mwaka huu kwamba ana taifodi, ilhali hana homa, aulize kwanza kama kipimo kilichotumika ni Widal.