MAZIWA YA MBUZI: KIKOMBE CHA KWANZA NI CHA MTOTO

Familia isiyo na uwezo wa kununua ng'ombe isikate tamaa ya kupata maziwa. Mbuzi wa maziwa hutoshea katika banda dogo nyuma ya nyumba. Hubeba mimba miezi mitano tu, na akitunzwa vizuri aweza kutoa lita moja au mbili kwa siku. Hula mabingobingo, majani ya lusina na matembele yanayokatwa na kuletwa bandani. Huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, ambako mashamba ni madogo na miteremko ni mikali, mbuzi wa asili ya Norwei walipelekwa katika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, nao wakazoea.

Lakini liko jambo linalotusikitisha. Katika nyumba nyingine maziwa yote huuzwa asubuhi, na watoto wa nyumba hiyo hiyo hunywa chai ya rangi. Hatukatai kwamba fedha zina kazi yake. Sare na madaftari havipatikani bure. Lakini mtoto hali shilingi.

Maoni yetu ni haya: kwanza kipimwe kikombe cha mtoto, kisha cha mama mjamzito au anayenyonyesha. Kinachobaki ndicho kiende sokoni. Tena baba asiamue peke yake, kwani mara nyingi wanaokata majani na kukamua ni mama na watoto.

Maziwa hayo yachemshwe mpaka yatokote. Maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa brusela, wenye homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo, ambao wengi hudhani ni malaria. Mbuzi akitupa mimba, msiishike kwa mikono mitupu. Mwiteni mtaalamu wa mifugo.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Hata baadaye, maziwa ya mbuzi yasimwachishe kunyonya, wala yasichukue nafasi ya uji, maharage na mchicha. Yana upungufu wa foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu.

Na wasio na mbuzi je? Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuanza utaratibu wa kopa mbuzi, lipa mbuzi: anayepewa jike hutoa mtoto jike wa kwanza kwa jirani. Dume mmoja aweza kuhudumia kaya nyingi, mradi abadilishwe kabla hajapanda binti zake.

Kitabu cha Mithali, sura ya 27, hutaja maziwa ya mbuzi kuwa chakula cha watu wa nyumbani. Basi tuanzie hapo hapo nyumbani. Kesho asubuhi, kabla chombo hakijatoka mlangoni, tujiulize: watoto wetu wamekwisha kunywa?