Sangara kwenye meza ya Myahudi

Israel sangara anauzwa kwa jina ambalo kwetu hajawahi kulipata: "binti mfalme wa Nile". Minofu yake husafiri kutoka Ziwa Victoria. Hata hivyo, kaa na watu wanaoijua Biblia na hukosi kuambiwa kwamba Myahudi mshika dini hamgusi sangara. Hoja zao nazijua, maana nimezisikia mara nyingi.

Ya kwanza, ati sangara ni mla wenzake. Ni kweli, tangu apandikizwe ziwani miaka ya 1950 amefyeka aina nyingi za furu. Lakini Torati haimuulizi samaki amekula nini. Walawi 11:9 inataka mapezi na magamba, na Kumbukumbu la Torati 14:9 inarudia hayo hayo. Habari ya wawindaji ni ya ndege, akina tai na mwewe. Jodari naye ni mwindaji, na Wayahudi wanamla.

Wengine husema sangara humeza kambare, ambaye ni haramu, kwa hiyo naye huharamika. Swali hili ni la zamani kuliko wanavyodhani. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200, inalijibu: samaki halali akikutwa na samaki haramu tumboni, aliyemezwa haliwi, aliyemeza analiwa.

Kuhusu kuchinja, samaki hachinjwi katika sheria ya Kiyahudi, na damu yake haikukatazwa kama ya ng'ombe au kuku. Hilo limekwisha.

Hoja iliyonisumbua kidogo inatoka upande wa pili, kwa wanaotaka kulegeza. Wanasema: kama ni magamba tu, basi kamongo naye ni halali, kwa kuwa anayo. Anayo kweli, madogo, yamezama ndani ya ngozi. Lakini marabi waliuliza gamba ni nini hasa. Talmudi inalieleza neno lenyewe kwa deraya ya Goliathi katika 1 Samweli 17:5, ile iliyofumwa kwa magamba ya shaba, yaani kitu kinachovaliwa juu ya mwili. Karne ya 13 huko Hispania, rabi aitwaye Ramban akaweka wazi kwamba gamba linalohesabika ni lile linalobanduka kwa mkono au kwa kisu bila kuchana ngozi. Rabi Moses Isserles wa Krakow alilipokea hilo katika karne ya 16, na ndiyo sheria mpaka leo.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: kupaa samaki. Mama muuza samaki wa Mwaloni, Kirumba, angewatatulia marabi kesi hii kwa dakika moja. Sangara unampaa, magamba yanakurukia mpaka usoni. Kambare huna cha kupaa. Kamongo ukilazimisha, unaondoka na ngozi. Na kambare si mgeni kwa Wayahudi. Aina hiyo hiyo ya kwetu inaishi pia katika Ziwa la Galilaya, na huko nako Wayahudi washika dini hawamli. Wasabato wetu wengi, wanaomkwepa kwa aya ile ile, hapo wako sawa.

Limebaki dai la wafanyabiashara: kwa kuwa sangara ni halali, mnofu wake wowote ni halali. Hapana. Mnofu mweupe uliochunwa ngozi unaweza kuwa wa samaki yeyote, hata wa kambare, na sheria haimruhusu mlaji kutegemea neno la muuzaji. Ndiyo maana huachwa kipande cha ngozi chenye magamba, au msimamizi wa dini husimama kiwandani minofu ikikatwa.

Kwa hiyo ukipata mgeni Myahudi anayeshika sheria, mnunulie sangara mzima, magamba yakiwa bado mwilini, umpae mgeni akiona. Kisu na sufuria muulize yeye mwenyewe. Hiyo ni kesi nyingine.