Mchukuzi wa Amana Si Kadhi

Ndugu raia wenzangu, wa Pwani na wa bara,

Mtazameni mshona kofia akaaye barazani Mji wa Kale, Mombasa, baada ya swala ya alasiri, anapopata habari kwamba jumuiya fulani inachangisha fedha za wakili wa kuwatetea vijana waliokamatwa wasionekane tena: huichomeka sindano yake katika kitambaa isipotee, huitoa simu mfukoni, huandika nambari ya malipo, huandika shilingi mia, hutia nambari yake ya siri, kisha hungoja ujumbe wa kumthibitishia kuwa fedha zimefika. Katika kitambo kile cha kungoja, mia yake haimo tena mkononi mwake wala haijawafikia aliowakusudia. Imo mikononi mwa kampuni ya malipo, na humo ni amana. Kwa ajili ya kitambo hicho nawaandikieni.

Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, changizo zetu, ambazo zamani zilitiwa katika sahani mbele ya macho ya watu, sasa aghalabu hupita katika njia zinazomilikiwa na wachache; na mwenye njia akikataa kupitisha mchango, hana haja ya kuishitaki jumuiya wala kuipiga marufuku, kwani isiyopokea fedha haitalipa kodi ya ofisi wala nauli ya shahidi, na mwisho wake itafunga mlango yenyewe, na watu wadhani imechoka.

Hili limekwisha kutendeka. Novemba 2010 WikiLeaks ilipoanza kutangaza nyaraka za siri za mabalozi wa Marekani, hazikupita siku nyingi za Desemba ila PayPal, MasterCard na Visa zilikuwa zimeifungia njia ya michango, ilhali hapakuwa na mahakama iliyoitia hatiani kwa kutangaza nyaraka zile. Na WikiLeaks yenyewe ilisema kwamba kufungiwa huko kuliipotezea asilimia 95 ya mapato yake. Ilikuwa hadi Aprili 2013 ndipo Mahakama ya Juu ya Iceland ilipoona kuwa kampuni ya Valitor, iliyokuwa ikishughulikia malipo ya kadi huko, ilivunja isivyo haki mkataba wa kupitisha michango hiyo, ikaiamuru ifungue njia au ilipe faini ya krona 800,000 kila siku. Haki ilipatikana, lakini miaka miwili na zaidi ilikuwa imekwisha kupita.

Wala hatuna haja ya kusafiri hata Iceland. Baada ya msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148, serikali yetu ilitangaza orodha ya walioshukiwa kusaidia ugaidi, na ndani yake yakatiwa mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Muhuri na Haki Africa, akaunti zao zikafungwa. Na Novemba mwaka ule Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru zifunguliwe, kwa kuwa haukuonekana ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi. Hapo aliyefunga ni serikali, si kampuni, na ndipo penye ibra: serikali ilitoa amri iliyoandikwa, amri ile ikapata wa kuipinga, na jaji akaipima. Je, kampuni ikifunga kwa kutegemea maneno madogo ya mkataba yanayoipa hiari ya kuvunja wakati wowote bila ya kueleza sababu, mnyonge atabisha mlango gani?

Wako wasemao kwamba kampuni ni mali ya wenyewe, na mwenye mali hashurutishwi kumhudumia asiyempenda. Hoja hii humfaa mwenye duka dogo, ambaye mteja akikataliwa kwake huvuka barabara akaenda kwa jirani. Haimfai aliyeshika kivuko ambacho mji mzima hauna kingine. Feri ya Likoni ya Mombasa haina budi kumkagua abiria asipande na silaha, lakini haimuulizi kama aendako ni mkutanoni kwa chama cha upinzani au msikitini kwa shekhe asiyependwa na nahodha. Nayo Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 20, imekata shauri kwamba haki zilizomo humo huwafunga watu wote, si vyombo vya dola peke yake.

Basi tutake mambo manne, tusitake zaidi wala tusipunguze: mchango usizuiwe ila kwa amri ya mahakama au kwa sheria iliyo bayana, na palipo dharura uzuiwe kwa muda mfupi uliowekwa na sheria, ambao ndani yake kampuni ifike mbele ya hakimu; jumuiya ipewe sababu kwa maandishi; pawe na mahali pa kukata rufani; na fedha zilizokwama zirudi kwa waliozitoa, zisilale katika hazina ya aliyezikataa.

Kifungu cha 119 cha Katiba humpa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi lake. Kila chama cha akina mama, kila kanisa na msikiti, kila ushirika wa wavuvi, na kiandike mambo hayo manne katika karatasi moja, watu watie majina na sahihi zao, ipelekwe Bungeni. Na nakala ipelekwe kwa kampuni ipokeayo michango yao, ikiuliza kwa adabu ni kwa sababu gani itawafungia, na nani atakayewasikiliza.

Najua kwamba zitanufaika kwa sheria tunayoiomba jumuiya nisizozipenda, ambazo mimi sitazitolea hata senti. Nami nitatia sahihi yangu huku nikizijua kwa majina. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mshona kofia wetu amekwisha kuamua mia yake iende wapi, na uamuzi huo ni wake. Aliyeibeba kazi yake ni kuifikisha.