Anwani za Nyaya ni Mali ya Kiwanda

Mashine ya kujaza chupa ikigoma saa nane za usiku, fundi wa zamu hufungua kabati na kukuta mamia ya nyaya zikiingia kwenye PLC, kompyuta ndogo inayoiongoza mashine. Taa moja ndogo kwenye moduli, kipande cha PLC kinachounganishwa na nyaya, inawaka, ishara kwamba sensa imeiona chupa, lakini mota imelala. Waya wa sensa hiyo unaitwaje ndani ya programu? Asiyelijua jibu atabahatisha hadi kukuche. Ndiyo maana nashikilia kwamba orodha ya anwani, inayoonyesha kila waya unafika wapi na kazi yake ni nini, ni sehemu ya mashine sawa na mota yenyewe. Kiwanda kisiipokee mashine bila orodha hiyo.

Namba ya anwani peke yake haijielezi, kwa kuwa kila mtengenezaji anahesabu kivyake. Kwenye SLC 500 ya Allen-Bradley, I:3/5 ni kituo (mahali waya unapofungwa) cha 5 kwenye moduli inayoleta habari iliyokaa nafasi ya 3. Rahisi. Lakini kwenye PLC-5 ya kampuni hiyohiyo, vituo vinahesabiwa kwa nane: ikitoka 7 inakuja 10, wala 8 na 9 hazipo. Kwenye Siemens S7-300, moduli ya kwanza ya kuunganishia nyaya hukaa nafasi ya 4, ila anwani zake kwa kawaida huanzia baiti 0. Humo waya wa kupeleka amri ni Q kwa aliyechagua alama za Kiingereza, na ni A kwa aliyechagua za Kijerumani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotoka mwaka 1993, kilileta alama za pamoja, lakini maana ya tarakimu zinazofuata kikamwachia mtengenezaji.

Wapo watakaosema hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa PLC za sasa zinatumia majina badala ya namba. Ni kweli, na ni hatua njema. Hata hivyo, jina halina maana mpaka lifungwe kwenye kituo halisi cha moduli halisi, na jina lililoandikwa kwa Kiitaliano halimsaidii fundi wa Morogoro au Thika. Wengine watahofia kwamba orodha ikiwa wazi, kila mtu ataichokonoa mashine. Hofu hiyo inachanganya mambo mawili: programu inaweza kufungwa kwa nywila, ilhali orodha inaeleza tu nyaya ambazo mwenye ufunguo wa kabati anaziona tayari. Kuhusu gharama, aliyeandika programu alishapanga anwani hizo zote kabla ya kuwasha mashine. Kinachobaki ni kuzichapa na kuzitafsiri.

Kwa hiyo sharti hili liandikwe kwenye mkataba wa ununuzi, na malipo ya mwisho yasitoke kabla fundi wa kiwanda hajaishika orodha mkononi, akagusa sensa moja moja na kuona taa inayowaka ndiyo iliyotajwa. Mwuzaji akishaondoka na fedha zote, kila swali kuhusu waya mmoja litalipiwa upya.