Mtungi wa Mikese na Kiburi cha Wenye Spika

Umezuka miongoni mwetu ubaguzi mdogo ambao, kwa kuwa unahusu starehe, hakuna anayeona haja ya kuukemea. Nazungumzia wapenzi wa muziki wa nyumbani, wale wanaokusanya santuri, amplifaya na spika, wakakutana Jumapili kusikilizishana. Ni jambo jema kabisa. Ila siku hizi, kabla hujaulizwa unapenda wimbo gani, unaulizwa mashine yako ni ya kampuni gani na uliinunua kwa shilingi ngapi.

Hapa Mikese, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, yupo kijana fundi redio aliyejiundia muziki wake kwa mbao za makreti na spika zilizong'olewa kwenye gari bovu. Ili apate besi, spika moja ameilaza mdomoni mwa mtungi. Alipoipeleka kazi yake kwa jamaa fulani wa mjini, mmoja alimuuliza kama anauza muziki au maji. Wakacheka. Hakurudi tena.

Kicheko kile kilikuwa cha kutojua. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi hayo yakikutana huuana, hasa ya besi. Kazi ya kasha ni kuyatenganisha. Mtungi nao, wenye tumbo pana na shingo nyembamba, huvuma kwa sauti yake maalumu ya chini, jambo alilolichunguza mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Kweli, mtungi hupendelea noti moja kuliko nyingine, hivyo haufikii kasha lililopigiwa hesabu. Lakini kijana yule alikuwa ameisogelea fizikia kuliko waliomcheka.

Maana hao hao hununua nyaya za spika kwa bei ya mbuzi wawili. Tupige hesabu. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa kufungia umeme majumbani, ukivutwa mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.07. Spika ya kawaida ina omu 8. Tofauti hiyo haifiki hata asilimia moja, na bado mtu anaapa kwamba anaisikia. (Wengi wanaojisifia masikio ni wakubwa kwangu kiumri, nami nimeshapita arobaini, sauti za juu kabisa tumewaachia watoto.)

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni usahaulifu. Huu ni mkoa wa Salum Abdallah, aliyeunda Cuban Marimba. Jina la bendi linatosha kutuambia vijana wa Morogoro walikuwa wakisikiliza nini: santuri za Kikuba, zikikwaruza kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Ni mkoa wa Morogoro Jazz, iliyofika Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1970. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, hakuingia majumbani mwetu kwa mashine za mamilioni. Aliingia kwa redio ya spika moja iliyotundikwa msumarini, betri zake zikianikwa juani ili zisogeze siku mbili zaidi. Baadaye akaja kwa kanda zilizonakiliwa vibandani, nakala ya nakala. Leo mtu anampiga Mbaraka kwenye spika ndefu kama kabati, kisha anamdharau anayemsikiliza kwenye sabufa!

Namfahamu mzee mmoja, mstaafu, mwenye sanduku la kanda alizozirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania, zikiwa na maneno ya watangazaji na salamu za wasikilizaji kati ya nyimbo. Baadhi ya nyimbo hizo sijapata kuzisikia kwingine. Deki yake ina mlango uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mzee huyo hawezi kuibeba kwenda mahali ambapo kijana wa mtungi alichekwa. Habari zile zilimfikia. Kwa hiyo kanda ziko chini ya kitanda, zikila unyevu. Siku akiondoka, wajukuu watazitupa pamoja na godoro, nasi tutabaki na nyaya zetu za bei, tukipiga nyimbo zile zile kumi tulizozipata kwenye intaneti.